Ndugu Zake Belo

Benchi letu liko Gerezani, Mtaa wa Lindi, ubavuni mwa karakana ya pampu za dizeli. Wenzangu husema liko Kariakoo. Si kweli, Kariakoo ni jirani yetu. Mwenye kahawa ni Waridi binti Sadalla, ambaye wote humwita Mama Dele kwa sababu ya dele lake la shaba, lile birika lenye makaa chini. Benchi lina sheria moja: jina la serikali haliitwi. Anayemwita mwenzake kwa jina alilopewa na wazazi hununulia benchi zima kahawa. Mimi nimesamehewa kwa ajili ya umri, na kwa kuwa nilisajili vizazi na vifo kwa miaka thelathini na moja, wananiita Msajili. Kwa hiyo mimi huwaita kwa majina yao: Seifu, fundi wa pampu, ambaye kwa wenzangu ni Nozeli, na Bryson, kijana muuza vifuniko vya simu, ambaye kwao ni Data. Mmoja tu ndiye niliyemwita kwa jina la benchi kama wengine. Huyo ni Belo, muuza mabegi ya mitumba Mchikichini. Nilimwuliza jina lake mara moja, miaka kumi na moja iliyopita. Alicheka akasema, mzee, andika Belo tu. Nikaona si adabu kuuliza mara ya pili.

Alhamisi ninayoisimulia, Belo alikuwa hajasikika kwa siku tisa. Alikuwa Malawi, akitembea. Hakwenda kununua wala kuuza. Alikwenda kutembea, begi mgongoni, kama wale vijana wa Kizungu wanaopita hapa wakiuliza nyumba za wageni za bei ya chini. Na aliyemtia njiani ni mimi.

Siku moja alituuliza Likoma alikuwa nani hata akapewa mtaa Kariakoo. Seifu alisema alikuwa Mjerumani. Bryson alisema ni chifu aliyeuza viwanja. Mimi nikasema Likoma si mtu, ni kisiwa katika Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, na kina kanisa kubwa la mawe. Belo alimaliza kahawa yake akaenda zake. Kesho yake alikuja na begi alilolitoa kwenye marobota ya mitumba, bado lina kikaratasi cha uwanja wa ndege wa nchi ya watu. Akasema begi hilo limefika mbali kuliko yeye, na yeye ana miaka arobaini na sita, kwa hiyo haliuzi.

Siku kumi za kwanza alitutumia sauti kila jioni kwenye simu ya Bryson, nasi tulisogeza vichwa tukasikiliza. Tulijua kwamba garimoshi la Mbeya alipanda daraja la tatu. Tulijua kwamba Karonga alilala kwenye kibaraza cha muuza mihogo, na kwamba safari ya Mzuzu alilipia kwa kumsaidia dereva wa lori kupakua mizigo. Chakula kilikuwa nsima, ambayo ni ugali wetu uleule, na usipa, dagaa wa ziwa. Sauti ya mwisho ilitoka Nkhata Bay. Alhamisi hiyo Bryson aliicheza tena.

— Wanangu, huku mimi ndiye mgeni. Kila ninapofika nakalishwa chini. Jina lako nani, umetoka wapi, wazazi wazima? Hata katoto kanauliza. Yaani raha, jamani. Na meli yenyewe inaitwa Ilala, kama ninapokaa. Mwambieni Mzee Msajili naenda kumwona Likoma wake.

Tulipoisikia mara ya kwanza tulicheka. Sasa Seifu alikuwa akifuta mikono yake kwa tambara ambalo lilikuwa chafu kuliko mikono.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akasema. Leo ya ngapi?

— Ya tisa, akajibu Bryson.

— Basi kashapewa toka wiki iliyopita. Yuko shambani analima tumbaku za watu. Simu ataichajia kwenye mpini?

Bryson alisema methali hiyo ni ya mgeni wa nyumbani, watalii hawahusiki. Yake ilikuwa nyingine.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mwana kaoa yule. Kapewa binti wa tajiri mwenye mitumbwi, simu imewekwa kabatini asikumbuke Bongo.

— Kamba na ndoa wapi na wapi? Waridi aliuliza, akimimina.

— Mama Dele, wewe umeolewa mara ngapi?

— Mara mbili.

— Basi unajua.

Seifu hakukubali kushindwa. Akasema tumbaku ameiacha, sasa ni nahodha, maana mtu aliyezoea kubeba marobota ana mabega ya kupiga kasia. Baada ya kikombe cha pili Belo alikuwa na mitumbwi sita na wake wawili. Ndipo Bryson akainua kidole na kusema tumepigwa fiksi sote, Belo hajavuka hata Chalinze.

— Sikilizeni nyuma ya sauti. Mnamsikia huyo jogoo? Huyo ni jogoo wa Ilala, namjua.

— Na jogoo wa Malawi anawikaje? Seifu akauliza.

— Siyo hivyo. Halafu kasema mwenyewe yuko kwenye Ilala. Yuko kwa shemeji yake pale, anaturekodia.

— Shemeji gani? Waridi akasema. Kwani Belo ana mke?

Bryson alitazama simu yake.

— Kila mtu ana shemeji, Mama Dele.

Usiku uliopita nilikuwa nimetoa atlasi yangu ya shule na kupima kwa uzi, kutoka Nkhata Bay mpaka Likoma. Kwenye karatasi ni kama upana wa ukucha. Lakini nilijua kwamba ukucha ule wote ni maji.

Kahawa ilikuwa bado nyingi mwanamke mmoja wa makamo aliposimama mbele yetu, na kiroba cha mchele kichwani. Aliuliza kama hapa ndipo kwa Mama Dele. Waridi akamwambia amefika, akampokea kiroba. Mgeni akanigeukia.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Nani mwenzetu?

Akasema yeye ni Stella Mwaisaka, anauza mchele, ameingia asubuhi kwa basi kutoka Kyela. Ametumwa na mtu aliyeko mpakani, Kasumulu. Mtu mwenyewe anaitwa Belo.

Seifu aliacha kufuta mikono.

Stella alikaa, akatusimulia bila haraka. Belo ni mzima. Alifika Likoma. Lakini wakati wa kushuka, pale meli inaposimama mbali, watu wakapelekwa ufukoni kwa mitumbwi, begi lake liliteleza likazama. Lilikwenda na simu, na kitambulisho, na ile karatasi ya safari ya bei nafuu ambayo watu huitumia badala ya pasipoti. Wavuvi walimpa shati. Wakamvusha ziwa, akarudi kwa malori, akila kwa watu, mpaka mpakani, na hapo kakwama. Afisa si mtu mbaya, Stella alisema, ila hawezi kumpitisha mtu kwa maneno yake mwenyewe. Anataka Mtanzania anayemfahamu aandike maelezo yake, aweke sahihi na namba ya simu. Yakilingana na aliyoyasema yeye, ambayo Stella hakuonyeshwa, anaingia. Kwa sasa analala kibarazani kwa mama muuza uji, huu usiku wa tano, na juzi alianza homa.

— Nikamwuliza nimtafute nani, akasema Stella. Mke, kaka, nani. Akasema, nenda Gerezani, Mtaa wa Lindi, kijiwe cha Mama Dele. Pale ndipo kwa ndugu zangu. Narudi kesho alfajiri na basi la kwanza, kwa hiyo naomba hiyo karatasi leo. Na wewe baba ndiye mzee wa Likoma? Kasema uambiwe kanisa ameliona.

Nilitoa kalamu mfukoni. Waridi alipasua karatasi kwenye daftari lake. Nikaandika vichwa kama nilivyozoea, kila kimoja na mstari wake: jina, jina la baba, mahali alipozaliwa, ndugu wa karibu.

Stella akauliza kwa upole, kama mtu anayeomba maji:

— Jina lake kamili nani?

Basi la mwendokasi lilipita barabarani. Seifu alimtazama Bryson, Bryson akanitazama mimi.

— Belo, akasema Seifu.

— Hilo nimekuja nalo mimi, kaka.

Bryson alipata wazo, na lilikuwa zuri. Kwenye simu, ukitaka kumtumia mtu pesa, jina lake hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Akaingiza namba ya Belo. Sote tukainama. Lilitokea jina: Hajira Nassibu Likapa.

— Belo ni mwanamke? Seifu akauliza, na hakuna aliyecheka, hata yeye.

Waridi ndiye aliyekumbuka. Wakati ule wa kusajili laini kwa alama za vidole, Belo alikuwa bado hana kitambulisho, akasema kuna mtu atamsajilia. Mtu gani, hakumwuliza. Wateja walikuwa wengi.

Kisha wakaanza kutoa walivyonavyo. Seifu alisema Belo huvaa kiatu namba arobaini na tatu. Waridi alisema hali kashata kwa sababu ya jino la kushoto, na kahawa yake haitiwi tangawizi. Bryson alisema akicheka hufunga macho. Stella alisikiliza yote, kisha akauliza kama ni Muislamu au Mkristo, pengine jina lingeanzia hapo.

— Muislamu, akasema Seifu. Mwezi wa Ramadhani sijamwona akinywa kahawa mchana.

— Hata mimi huwa sinywi, akasema Bryson, na ni Mkatoliki. Mama Dele anafunga biashara.

Seifu akainamisha kichwa. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini.

— Mama yangu alipofariki, Belo alikuja mpaka Kilwa. Alikaa siku tatu, akachota maji na vijana. Sikumwuliza mama yake yuko wapi.

— Kule wanamwuliza kila siku, akasema Waridi.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na mistari yote chini ya vichwa ilikuwa mitupu. Nimeandika majina ya watoto waliokuwa na saa moja duniani. Nimeandika ya maiti waliookotwa, baada ya kuzunguka mtaa kwa mtaa kuwauliza watu. Huyu alikaa kushoto kwangu kwa miaka kumi na moja.

Nikawaambia kuna kichwa kimoja tunachoweza kukijaza, cha mwisho, cha ndugu. Kila mtu ataje jina lake lote na mahali alipozaliwa, na namba ya simu.

— Tutanunua kahawa ngapi leo? Bryson akauliza, lakini alikuwa tayari amesogea.

— Seifu Mudi Ngaluma, akasema Seifu. Kilwa Masoko.

— Waridi Sadalla Kibwana. Hapahapa, Ilala.

— Bryson Vitalis Komba. Peramiho, Songea.

Waridi alimtazama Bryson kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Akasema marehemu mume wake wa pili naye alitoka Peramiho. Bryson akasema hakujua. Mimi nikaandika la kwangu mwisho, Abdulrazak Nassoro Mkwanda, Bagamoyo, nikaweka sahihi.

Juu, penye jina, palibaki patupu.

Ilikuwa saa tisa kasoro. Nikasema tunakwenda Mchikichini kwenye meza za mabegi, halafu Ilala nyumba kwa nyumba, na tutamwulizia Hajira Nassibu Likapa aliyemsajilia laini, jina lote, mpaka aitike. Seifu alifunga karakana na gari la mtu likiwa ndani. Waridi hajawahi kuondoka benchini kahawa ikiwa moto; alimkabidhi Stella dele, akamwambia anywe, asilipe, na akija mteja amwambie wenyewe wametoka.

— Wamekwenda wapi, nimwambie?

— Mwambie tumekwenda kuuliza jina la ndugu yetu, akasema Waridi.

Nikaikunja karatasi mara mbili, nikaitia mfuko wa shati, na Bryson akanishika mkono kuvuka barabara.