Historia ya Marehemu Lydia Kaari, Mama wa Picha za Mifugo Waliopotea

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa nyumbani Kiwanjani, familia imeniomba niwasomee kwa ufupi maisha ya mpendwa wetu Lydia Kaari, na kwa ufupi maana mwenyewe hakupenda hotuba ndefu.

Kaari alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Isiolo, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mungania na marehemu Mama Karwitha, akasoma shule ya msingi mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1989, kisha akajifunza upigaji chapa na kuajiriwa kama karani katika ofisi ya mifugo mwaka wa 1993. Tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa na Mwalimu Gichunge, nao wakajaliwa watoto wawili, Kiende na Mutuma.

Alipoacha kazi mwaka wa 2016 alifungua blogu ya kutangaza mifugo waliopotea, akiwapiga picha wale waliookotwa ili wenyewe wawatambue kwa alama ya chuma cha moto ubavuni. Mwaka wa 2019 ngamia wa Mzee Robow wa Garbatulla aliokotwa Chechelesi, lakini kwenye blogu alama yake ilionekana doa tu, familia nyingine ikamchukua ikidhani ni ngamia wao, na watu nusura wapigane kabla ya chifu kuwapatanisha na ngamia kurudi kwa Robow. Kaari alikosa usingizi, akasema lawama ni yake.

Ndipo akaanza kulinganisha programu za kuandikia blogu, na ili asizionee, zote alizipa picha moja, aliyopigwa na Kiende, yeye Kaari akiwa ameshika kamba ya ngamia huyo huyo. Ya kwanza, aliyokuwa akiitumia, ilipakia haraka, lakini ndiyo iliyokuwa ikizibana picha hadi alama inafutika. Ya pili haikubana kitu, ila mtandao ukikatika, nao hukatika, ilianza upya, na mtu wa Garbatulla hana data ya kuchezea. Ya tatu iliendelea palipokatika na kuacha alama wazi, ingawa ilikuwa na ukaidi wa kulaza picha ubavu. Aliichagua hiyo ya tatu, akawafundisha wachungaji kulaza simu wanapopiga picha, na mumewe anasema chai yake ilipoa mara nyingi kwa ajili ya mafunzo hayo.

Mwezi wa Aprili 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa hapa na Meru, hadi Jumanne tarehe 11 Novemba 2025 alipotuaga, mumewe akiwa kando yake.

Simu yake ilikuwa imeangukia kwenye beseni la maji siku za ugonjwa, picha zote zikapotea, na yeye ndiye aliyewapiga wengine picha siku zote, kwa hivyo tulipotafuta sura yake ya kuweka juu ya jeneza hatukupata hata moja, mpaka Kiende alipokumbuka ile ya majaribio, iliyobaki mtandaoni. Katika programu ya kwanza mama yake alikuwa doa. Katika ya tatu mnamwona, hadi mwanya wa meno anapocheka, pamoja na ngamia, ambaye Mzee Robow ameomba tusimkate kwenye picha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kiwanjani, waliokuwa wenzake kazini, na wafugaji waliofika kutoka mbali.

Pumzika kwa amani, Kaari, picha yako imefika.