Mama Letisia na Kipimo cha Sikio

Tarehe 30 Juni 2004 Mama Letisia Cornel anavua koti jeupe, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kunyoosha viungo vya watu wa Kilosa, Mikumi na vijiji vya katikati. Chumba chake cha mazoezi kipo mwisho wa korido. Tangu wiki iliyopita sisi wa wodini tumekuwa tukipita pale bila shughuli yoyote, kumsikiliza tu akifoka. Tumeanza kumkumbuka kabla hajaondoka.

Alifika hapa akitokea Mahenge, mwembamba lakini mwenye sauti ya mnadani. Wakata mkonge, wafanyakazi wa reli, majeruhi wa ajali za barabara ya Mikumi, wote walipita mikononi mwake. Wagonjwa walimwogopa, kisha wakamletea mchele.

Hospitali ilimpa kipimapembe cha kuonyesha mkono umekunjuka kiasi gani, naye alikitumia inavyotakiwa. Lakini mgonjwa pembe hazimwambii kitu. Kwa hiyo akaongeza kipimo chake, kile kile walimu walichotupimia siku ya kuandikishwa darasa la kwanza, vyeti vya kuzaliwa vilipokuwa adimu. Mkono wa kulia unapita juu ya utosi, vidole vinatafuta sikio la kushoto. Ukiligusa, umeandikishwa. Usipoligusa, unaambiwa urudi nyumbani ukakue kwanza.

Mwaka 1998 aliletwa Joha, muuza mahindi ya kuchemsha wa stendi ya Dumila. Biashara ilikuwa imefanywa huria, mabasi ya watu binafsi yalifukuzana barabarani, na aliyetangulia kuinua sinia dirishani ndiye aliyeuza. Kiharusi kilimkunja Joha mkono wa kulia ukabana kifuani, misuli imekaza kabisa. Madaktari wageni kutoka Dar es Salaam walikuja na sindano ya botulinamu, sumu iliyopunguzwa makali ili ilegeze misuli. Neno sumu likafika Dumila, na ndugu zake wakaja juu. Mama Letisia aliwaambia kwamba atakaa naye mwenyewe, na Joha akifa basi wawazike pamoja. Ndugu wakacheka, sindano ikachomwa.

Mkono ulilegea. Kila alipokuja kupimwa ulipanda kidogo: kidevu, paji la uso, utosi. Siku vidole vilipogusa sikio, Joha aliuliza ameandikishwa shule gani, kisha akalia. Utotoni kule Ulaya, kijiji cha huku huku Kilosa, alipimwa hivyo hivyo, akalikosa sikio kidogo tu, na mwaka uliofuata baba yake hakumpeleka tena.

Nguvu ya dawa ile huisha baada ya miezi michache. Madaktari hawakurudi, na maduka ya dawa yaliyokuwa yakifunguliwa kila kona hayakuwa nayo. Mkono ukaanza kushuka. Mama Letisia hakukubali. Alimnyoosha, akamfokea, na Jumapili akitoka kanisani alipanda basi kumfuata Dumila. Mkono ukasimama usawa wa paji la uso na haukushuka tena. Dirisha la basi dogo Joha analifikia mpaka leo. La basi kubwa analitazama tu. Sisi tuliuita huo ushindi. Mama Letisia hakuwahi kuuita hivyo, na kila akimwona Joha, yeye bado analitamani lile sikio.

Jumatatu Joha alikuja kumuaga. Alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, halafu akasema leo anayepima ni yeye. Mabega ya Mama Letisia yamechakaa kwa kuinua mikono ya wenzake, na vidole vyake viliishia utosini. Joha akamtangazia mbele yetu kwamba hajafikisha umri, arudi nyumbani akakue kwanza. Chumba kizima kilicheka.

Asante, Mama Letisia, kwa kila mkono ulioutoa kifuani. Kipimo ni chako na matokeo umeyasikia. Nenda nyumbani ukakue, ulale mpaka jua litoke, upike mchele wako kwa amani. Lakini siku ukiligusa sikio, rudi. Tutakuandikisha.

Gabrieli, kwa niaba ya wenzako wa wodini