Fundi Kona na Matairi Mawili Mapya

Tunayemzika leo, ambaye wengi wenu mlimjua kama Fundi Kona, alizaliwa tarehe 11 Aprili 1966, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa hatua hamsini kutoka kwenye kona mbaya ya barabara kuu. Alikuwa mtoto wa pili wa mama aliyeketi hapa mbele, na mwanamume pekee. Baba yake, dereva wa lori, alitangulia mwaka 1989. Mama husimulia kwamba mtoto huyu alijua sauti za matairi kabla hajajua kusema vizuri. Gari likiingia ile kona aliacha kula, akainua kidole, na tairi likilia kwa muda mrefu alisema, "Hilo linaanguka." Mara mbili lilianguka kweli. Mama akamkanya asiseme tena, maana majirani walianza kumtazama kwa jicho baya.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1973 hadi Novemba 1979, akaishia darasa la saba. Dada yake, ambaye ni mwalimu na ndiye anayewasomea karatasi hii, anakumbuka kwamba daftari lake la hesabu lilijaa kona. Kona ya kulia, kona ya kushoto, kona inayobana mwishoni. Mwalimu alimuuliza, "Hii ni hesabu gani?" Akajibu, "Hii mwalimu ndiyo ngumu kuliko zote." Alichapwa, lakini mwalimu aliondoka na lile daftari na hakulirudisha.

Mwaka 1981 aliingia karakana ya mzee mmoja karibu na stesheni, akaanza kwa kuziba pancha. Alikaa pale miaka kumi na saba. Tarehe 3 Agosti 1998 alifungua karakana yake mwenyewe, vyumba viwili nyuma ya stesheni, kimoja cha mashine ya kuvulia matairi, kingine stoo. Hapo ndipo alipopatia jina. Walimfuata vijana wenye magari madogo ya mbio, yale ya milango mitatu yaliyoshushwa mpaka tumbo linagusa matuta. Kila mmoja alikuja akitaka injini yenye nguvu zaidi, na kila mmoja aliambiwa maneno yaleyale: "Weka kiganja chako chini. Sasa hesabu vinne. Hapo ndipo gari lako linapogusa dunia, hakuna pengine. Kwanza tushughulikie viganja, injini baadaye." Alichora mstari wa chaki begani mwa tairi, akamwambia kijana azunguke kona tatu kwa kasi na kurudi. Kisha alipiga magoti na kutazama chaki imefutika mpaka wapi, akaongeza upepo kidogo au akapunguza. Gari lililokuja likiteleza liliondoka likishika lami kama kupe. Yeye mwenyewe alikuwa na gari dogo jekundu, alilolinunua likiwa bovu mwaka 2006, na kwa miaka minane hakuna aliyempita kwenye kona katika mashindano ya uwanja wa ndege wa zamani.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Februari 1993. Mkewe alikuwa muosha magari katika uwanja uliopakana na karakana ya yule mzee. Hakwenda shule hata siku moja, kwa sababu alikuwa kifungua mimba na mama yake alikuwa mgonjwa, na wadogo zake watano hawakuwa na mwingine wa kuwapikia. Marehemu alipogundua kwamba mchumba wake hajui herufi, hakucheka. Alimketisha juu ya rundo la matairi, akamshika kidole na kukipitisha juu ya maandishi yaliyoinuka ubavuni mwa tairi. Mia moja tisini na tano, hamsini, kumi na tano. Hizo ndizo namba zake za kwanza. Herufi za kwanza alizoandika, aliziandika kwa chaki sakafuni mwa karakana. Yapo matairi yenye upande wa nje na upande wa ndani, kwa sababu kwenye kona upande wa nje ndio unaobeba gari, na kila upande umeandikwa kwa Kiingereza. Marehemu alimfundisha hivi: "Neno la nje linaanza na duara, kama tairi lenyewe. Neno la ndani linaanza na mti uliosimama. Duara linatazama watu, mti unatazama gari. Ukikosea hapo, Mama Pacha, nitakurudisha kuosha magari." Alimwita Mama Pacha kabla hata hawajapata watoto, akisema anawataka wawili kwa mpigo. Akawapata, mabinti, tarehe 19 Oktoba 1995. Tangu mwaka 1998 mkewe ndiye aliyefunga matairi katika karakana ile, kwa miaka kumi na saba, na hakuna tairi hata moja lililorudi kwa kuwa limefungwa kinyume.

Mkewe alikuwa pia na kipaji ambacho marehemu mwenyewe alikisifu mbele ya wateja. Alijua umri wa mpira kwa kucha. Tairi la mpira laini likishapata joto na kupoa mara nyingi hugeuka gumu, hata kama meno yake bado ni marefu na macho yanaliona zima. Mkewe aliligandamiza kwa kucha ya kidole gumba. Kucha ikizama, liko hai. Isipozama, alisema, "Hili limekufa, ni la kumwagia kokoto," na marehemu alilitupa bila kubisha.

Siku aliyobisha ni Jumapili tarehe 17 Mei 2015. Sehemu hii dada wa marehemu aliuliza kama airuke. "Wifi, watu watakuwa wamesimama juani. Hapa nisipite haraka?" Mkewe alimwambia, "Wifi, hapo ndipo usome polepole."

Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu na baridi. Walifika uwanja wa ndege wa zamani saa moja. Matairi mapya yalikuwa mawili tu, mengine mawili yalikuwa ya msimu uliopita. Mkewe aliyabonyeza yale ya zamani moja moja, kucha ikagoma. Akamwambia mumewe, "Haya yamekufa. Kama ni lazima uende, mapya yakae nyuma."

"Nyuma? Gari linavutwa na mbele, mke wangu. Nyuma inafuata tu, kama mkokoteni."

"Nyuma ni nyepesi, na leo kuna baridi. Haya ya zamani hayatapata joto huko, hayatashika. Wewe ndiye uliyenifundisha mkia ukikuacha huna la kufanya."

"Nilikufundisha na bado nafundisha. Weka mapya mbele."

Mshindani mwenzake, waliyemwita Breki, alikuwa karibu akinywa chai, akacheka. "Kona, leo naona kocha amebadilishwa." Wengine nao wakacheka. Marehemu hakurudia tena. Alisogea akaanza kuvaa glavu. Mkewe aliweka spana chini, kisha akaiokota. Yeye ndiye aliyekaza nati, zote kumi na sita, na hilo hajawahi kulikana. Duara lilitazama watu, mti ukatazama gari, mapya mbele na yaliyokufa nyuma, kama mwenye gari alivyotaka.

Kwenye kona ya tatu mbele ilishika sawasawa. Marehemu aliona ameingia kwa kasi mno, akainua mguu kutoka kwenye mafuta kidogo tu, na uzito wote ukahamia mbele. Mkia ukatoka. Wenye magari hayo wanaelewa. Wasioelewa wafikirie mtu anayevutwa miguu akiwa amesimama kwenye sakafu yenye sabuni. Gari lilizunguka na kugonga ukuta wa ghala la zamani la mafuta kwa upande wa dereva. Mgongo wake ulivunjika sehemu ya kiunoni, na tangu siku hiyo hakusimama tena.

Siku ya tatu, katika hospitali ya wilaya, mama yake alimuuliza, "Mwanangu, matairi yale alifunga nani?" Marehemu akajibu, "Mke wangu." Alisema kweli. Kisha akafumba macho, na kweli hiyo ikaishia katikati.

Nusu ile ya kwanza ilitoka hospitali ikitembea kwa miguu yake. Ilipofika sokoni ilikuwa imeota matawi, kwamba mke hajui kusoma, upande wa nje kauweka ndani, mume kavunjika. Mkewe alipofungua karakana ili watoto wamalize masomo, mteja wa miaka mingi alisimama mlangoni na kusema kwa adabu kabisa, "Mama Pacha, usinielewe vibaya. Naomba nifungiwe na mtu aliyesoma." Wengine waliacha tu kuja. Karakana ilifungwa tarehe 28 Februari 2017. Mama alipokuja kumwona mwanawe alikuja na maji yake ya kunywa kwenye chupa, na alimsalimia mkwewe akiwa amelitazama dirisha.

Marehemu alilala kwenye kitanda kilichokuwa chini ya dirisha hilo kwa miaka saba, miezi mitano na siku kadhaa. Mkewe alimgeuza kila baada ya saa tatu ili ngozi isioze, na katika miaka yote hiyo alipata kidonda kimoja tu, ambacho kilipona. Walicheka pia, hilo liandikwe. Gari likipita nje na kulia kwenye kona walikuwa wakishindana kutaja upepo wa matairi yake. Lakini mke alimwambia mara moja, mwaka 2018, akimkata kucha za miguu ambayo haikuhisi chochote, "Mwambie mama."

"Nimwambie nini? Kwamba Fundi Kona hakuijua kona?"

"Mwambie nilikwambia."

Aligeuzia macho dirishani. "Mama Pacha, mimi nimebaki na hilo jina tu. Wewe una miguu, unaweza kulibeba hili."

"Nalibeba mpaka wapi?"

"Nikifa, wasifu wangu andika wewe. Siku hiyo sitakuwa na aibu."

Basi mkewe akarudi kwenye kucha zake. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani, utamlazimisha kwa lipi? Ukimpokonya jina lake utampa nini badala yake? Alitafuta jibu la maswali hayo miaka minne na hakulipata. Amefika hapa bila kulipata.

Mwanzoni mwa Oktoba 2022 figo zilianza kushindwa. Alilazwa tarehe 21, wodi namba nne, kitanda cha mlangoni. Jumapili tarehe 6 Novemba alimwita mama yake. Mkewe alikuwa pale, miguuni mwa kitanda, na beseni mkononi. Marehemu alisema kwa sauti ya kusikika, "Mama, lile jambo la matairi..." Mama akamwekea kiganja mdomoni kwa upole. "Usijichoshe, mwanangu. Yule nilishamsamehe." Marehemu akamtazama mkewe juu ya kile kiganja. Mkewe alisubiri. Mama alipoondoa mkono wake, mgonjwa aliomba maji, na mkewe akaweka beseni chini akaenda kuleta. Hakulitaja tena. Alifariki Jumanne tarehe 8 Novemba 2022, saa nne na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mama, dada mmoja, mke, mabinti wawili, na mjukuu mmoja wa kiume ambaye hulia gari likifunga breki. Ameacha wanafunzi wa kazi yake ambao wengi wako hapa, na ambao leo wanaendesha wakikumbuka viganja vinne.

Yapo pia magurudumu manne. Gari lilikwenda kwenye vyuma chakavu, lakini magurudumu mkewe aliyafungua mwenyewe na kuyatundika stoo, kila moja kwenye msumari wake, jinsi yalivyokuwa siku ile. Mpira haujavuliwa kwenye rimu hata mmoja. Mama hakwenda shule, kama mkwe wake, na macho yake sasa yamechoka. Lakini maandishi ya tairi yameinuka. Akipenda, leo au siku nyingine, mke wa marehemu atamshika kidole, kama mwanawe alivyokuwa akishika, na atagusa mwenyewe: upande wa nje duara, upande wa ndani mti. Asipopenda, yatabaki palepale, na hakuna mtu wa kumlazimisha.

Ule msamaha wa wodi namba nne mkewe aliusikia. Anamrudishia mama kwa heshima zote, maana hakuuomba na haukuwa wake. Mwenyewe amelala hapa, na kama upo msamaha wa kumfikia, apewe yeye na kila mtu, hata na mkewe.

Fundi Kona, maneno yako yaliyobaki yamesomwa. Pumzika sasa, kwa amani.