Bwana Tone na Chupa Yake ya Rejea

Jamaa, majirani na nyote mliofanya kazi na marehemu, mimi ni mdogo wake, wa tumbo moja naye. Wasifu huu umeniangukia mimi kwa kuwa wanawe wawili wamekataa kuusoma. Kaeni vizuri. Ni mfupi, na hautawapendeza.

Marehemu, ambaye mtaani mlimwita Bwana Tone, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alikuja duniani akilalamika na hakuwahi kupumzika. Usahihi ulikuwa kipaji chake tangu utotoni. Tulipogawana mkate, yeye alileta rula. Alipima vizuri kweli, kisha kipande kikubwa kikawa chake, na maelezo alikuwa nayo.

Alisoma shule ya msingi ya hapa mtaani, akaenda sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, alikohitimu shahada ya kemia mwaka 1983. Ili asome, baba aliuza cherehani yake ya pili na mimi nikatolewa shule. Marehemu aliniandikia barua ya kunifariji, akaeleza kwamba elimu si kila kitu. Aliandika hayo akiwa bweni la chuo, ameshiba.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika maabara ya maji, akapanda hadi kuwa mkuu wa kitengo. Umaarufu wake ulitokana na kemikali za florini, zile zinazofanya kikaango kisishike na turubai lisilowe. Kemikali hizi haziozi. Zikiingia ardhini zinakaa. Kiwanda cha maturubai kiko juu ya mtaa wetu, na kisima tunachokunywa kiko chini yake, kwa hiyo maji yetu yalipimwa kila mwaka. Lakini mashine ya kupima haijui kiasi mpaka ilinganishe maji na kimiminika cha rejea, ambacho kiasi cha kemikali ndani yake kinajulikana. Ni kama jiwe la mizani sokoni: jiwe likidanganya, kila mteja ameibiwa. Kimiminika cha kitengo chake marehemu alikitengeneza mwenyewe mwaka 2009, kikiwa kemikali ndani ya spiriti, akakitia kwenye chupa ndogo na kukipenda kuliko sisi sote.

Chupa ya namna hiyo hufunguliwa upesi na kufungwa upesi. Yeye aliionyesha kwa wageni. Kila ujumbe ulipofika, aliitoa kwenye friji, akaifungua na kuizungusha puani mwao.

"Nuseni," aliwaambia. "Mnasikia spiriti tu, sivyo? Adui mwenyewe hana harufu!"

Kisha akahutubu, kifuniko kikiwa mkononi. Mchuzi ukiachwa wazi motoni, maji hupungua na chumvi hubaki. Ndivyo ilivyokuwa. Spiriti ilipotea, kemikali ikabaki, na kimiminika kikawa kikali kuliko lebo ilivyosema. Maji yetu yalipolinganishwa nacho, yakaonekana safi. Mkemia mwenzake aliligundua jambo hilo mapema.

"Mkuu, chupa imepungua uzito," alimwambia. "Tuimwage, tuagize nyingine."

"Binti, hiyo chupa umeikuta na utaiacha."

Wiki iliyofuata alihamishiwa stoo. Yupo hapa leo, kwenye safu ya nyuma, na ndiye aliyenieleza mambo haya ya kitaalamu.

Tarehe 12 Desemba 1987 marehemu alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, wifi yangu, wakajaliwa watoto wawili. Alikuwa mume mtulivu, na nitawapa kumbukumbu moja ya upole wake. Baada ya kustaafu mwaka 2018, kwa keki na saa ya ukutani, nilikuwa nikienda kumsalimu. Wifi alichemsha maji ya bomba, yanayovutwa kutoka kisima kilekile, akayapoza, akatuletea. Marehemu hakuyagusa. Aliinama, akatoa chini ya kiti chupa ya maji ya dukani, akasema tumbo lake halipendi ya bomba. Akakaa akitutazama tukinywa. Kuchemsha hakuziondoi kemikali hizi, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye.

Machi mwaka jana aligundulika na saratani ya figo. Daktari hakusema ni maji, nami sisemi. Jumamosi iliyopita aliniita karibu na kitanda.

"Mdogo wangu, ile chupa ilikuwa imeharibika. Mwaka mmoja kabla sijastaafu niliagiza mpya, nikapima peke yangu, nikayaficha majibu."

"Na kisima chetu?"

"Kimezidi kiwango mara mbili na ushee."

"Kaka! Mtaa mzima unakunywa pale!"

"Najua. Sema nikishazikwa. Mniache nizikwe na heshima yangu."

Nikamwambia nimesikia. Alifariki Jumatatu alfajiri akiamini kwamba nimekubali. Nilimpenda, na nilimchukia hapohapo, nimeshika mkono wake.

Wifi alipojua ninachoandika, alinijia jikoni.

"Wifi, marehemu hasemwi."

"Wifi, wewe umeyanywa miaka mingapi?"

Alikwenda uani akamwaga mtungi, na wana wa kaka wakasimama mlangoni wakimtazama mama yao.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, dada mmoja, na kaya zote zinazochota maji katika kisima kile, ambazo hata asubuhi hii zimechota. Tukitoka hapa, msinywe maji yale wala msiwapikie watoto kwayo. Mkemia atasimama langoni, mwulizeni. Maofisa wa maji nimewaona mmekaa mbele. Nanyi mwulizeni.

Kaka aliomba nisubiri hadi udongo umfunike. Kaburi bado li wazi, nami nimemaliza. Sasa mfunikeni, apumzike kwa amani.