Gadiel Elisaria Sumari na Jani la Isale

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Akheri na wote mliopanda kutoka mjini, shikamooni. Naitwa Godbless, mdogo wake marehemu, yule wa kumfuata kabisa. Familia imenipa dakika tano. Mkiona nimezidisha mnivumilie, maana nisiposema leo sitasema tena.

Marehemu Gadiel Elisaria Sumari alizaliwa tarehe 14 Agosti 1983 hapa hapa Akheri, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Elisaria na mama yetu Anneth. Alibatizwa na kupata kipaimara katika usharika huu. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1991 hadi 1997. Sekondari hakuendelea. Miaka ile kahawa haikuleta kitu, na yeye mwenyewe alimwambia baba kwamba wa kusomeshwa ni mimi. Basi nikasomeshwa mimi.

Mwaka 1998 aliteremka Ngarenaro, mjini Arusha, kujifunza ufundi wa pikipiki kwa fundi Lemomo, ambaye alimwoshesha vipuri miezi sita kabla ya kumkabidhi spana. Mwaka 2014 alipata pikipiki chakavu ya njia za vumbi, akaifufua, akaanza kuongoza watu wanaopenda kuendesha milimani, wageni na wenyeji, kwenye njia zetu za udongo kuanzia Usa River mpaka kule magharibi kwa Waarusha. Mimi nilijiunga naye miaka mitatu baadaye.

Jamani, marehemu alikuwa anakera! Aliyetoboa ekzosi ili ipige kelele hakwenda naye, hata awe nani. Penye nyumba, gia ya kwanza. Penye ng'ombe unazima injini, unavua kofia ngumu ili waone wewe ni mtu, unasalimia. Siku moja kule magharibi ng'ombe wa bibi mmoja, Resiato, alilala katikati ya njia akakataa katakata kuinuka. Dakika arobaini! Mteja akauliza, "Gadi, tunasubiri nini?" Akajibu, "Tunamsubiri mwenye njia." Bibi Resiato alicheka mpaka akashika mti, akatuletea maziwa. Tangu siku hiyo hakuna boma kule lililotuzuia kupita.

Sheria yake kubwa ilikuwa ya mvua. Alisema tairi kwenye tope linachimba mfereji, na mfereji ndio unaokula njia wanayopita mama zetu na ndizi kichwani. Kwa hiyo mvua ikinyesha, njia ya korongoni, hii inayopanda kwa mama, aliifunga kwa kamba yenye jani la isale. Kila Mmeru hapa anaijua isale: tunaipanda mipakani, na mtu aliyekosa huibeba mkononi akaombe msamaha. Hakuna aliyethubutu kuivuka. Wa kuitoa tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, na anayeitoa lazima awe ameitembea njia yote kwa miguu. Ukikuta jani halipo, ujue njia imekaguliwa.

Tarehe 11 Desemba 2010 alifunga ndoa na Eunike. Msafara ulipofika karibu na nyumba ya jirani aliyekuwa na msiba, bwana harusi alishuka na suti yake, akasimamisha magari yote, akakataza honi. Eunike akamwambia, "Gadiel, hata leo?" Akasema, "Hasa leo." Tukapita kimya kama tunaingia kanisani. Mungu aliwajalia watoto wawili, Agnela na Mikaeli.

Sasa kuhusu kifo chake. Karatasi mliyo nayo inasema alipata ajali kwa sababu ya utelezi. Niliyeandika hivyo ni mimi, na si kweli.

Jumamosi tarehe 26 Aprili mwaka huu, 2025, mvua ilinyesha na kaka akafunga njia. Jumapili alikuwa kanisani. Mimi nilikuwa na wateja watatu kutoka mjini, wana haraka, na mimi nataka sifa. Nikafungua kamba. Nikalitupa jani kwenye shamba la kahawa. Tulipanda na kushuka mara mbili, tukichimba pale ukingoni mwa korongo mpaka tope likaruka juu ya magoti. Nikajiambia jioni nitarudi niifunge. Sikurudi. Nilikuwa nimechoka, basi. Hiyo ndiyo sababu yote niliyo nayo.

Jumatatu asubuhi kaka alikuwa anampelekea mama unga. Mama Naisula, jirani yetu, alikuwa pale mdomoni mwa njia akikata majani ya ng'ombe. Alimwona akizima injini, akitafuta jani kwa macho. Kisha akamwambia, "Shikamoo mama. Naona Godbless amefungua. Kama amefungua, amekagua." Akawasha, akaingia polepole kama kawaida yake. Ukingo tulioukata ulimeguka naye. Mama Naisula aliniambia mimi peke yangu, na siku zote hizi amenyamaza akinisubiri. Mama Naisula, asante. Na unisamehe kwa mzigo huo.

Alilazwa siku tisa, ameumia nyonga na ndani ya tumbo. Siku ya tano aliniuliza, "Mdogo wangu, nani alifungua njia?" Nikasema, "Sijui, kaka." Nilimwangalia usoni nikasema sijui! Akasema, "Basi nenda kaifunge, wasije wakaumia watoto." Alifariki Jumatano tarehe 7 Mei, saa nne asubuhi, akiniamini. Ee Mungu wangu, afadhali angenitukana.

Marehemu ameacha mama, mke, watoto wawili, na mdogo mmoja ambaye ni mimi. Agnela, Mikaeli, baba yenu hakukosea barabarani. Mtu asije akawaambia alikosea.

Shemeji Eunike, jani hili mnaloniona nalo tangu nimesimama ni isale. Kwetu isale haikataliwi, lakini hii ukiikataa nitaelewa, na wala mtu yeyote asikulazimishe. Nitaiweka hapa miguuni pako. Yule ambaye ningempa kwanza yuko ndani ya jeneza, na nilikuwa na siku nne nzima za kumpa akiwa hai.

Sasa tutambeba kwenda kaburini, kule nyumbani kwa mama, na hakuna pa kupita ila njia ile ile ya korongoni. Wabebaji, msiogope. Alfajiri nimeitembea yote kwa miguu, mara tatu, nimejaza mawe pale ukingoni, ndipo nikafungua kamba.

Kaka, lala kwa amani. Leo nimekagua.