Mikono Ishirini na Moja

Tangu basi lilipopita Bunju, Mwinyimvua alijifanya amelala, asipitwe na neno. Kwenye kiti cha mbele yake walikaa mzee Dhirajlal, muuza vitambaa, na Bi Hafidha wa Kaole. Walikuwa wanarudi Bagamoyo na medali za dhahabu za kuogelea kwa kupokezana, na tayari wanagombania nani kazileta.

"Mimi niliyemalizia!" alisema Dhirajlal. "Nimeyachapa maji mpaka waamuzi wamelowa."

Hilo Mwinyimvua aliliamini. Hata karanga mzee alizitafuna kwa kishindo.

"Nilikuachia tunaongoza, mzee wangu," alijibu Hafidha. "Mwaka jana nilikuwa navuta uradi, kila mkono ninaopiga majini, Subhanallah moja. Thelathini na tatu zinaisha, ukuta wa bwawa siuoni. Mwalimu wa kuogelea akaniambia, nyoosha mkono, teleza, acha pupa. Leo nimegusa ukuta kwenye mkono wa ishirini na moja."

"Basi wewe umeogelea kidogo, mimi nimeogelea sana!"

Mwinyimvua alibana kicheko, akakoroma kidogo kwa heshima.

Basi liliposimama stendi, Dhirajlal alichomoka akipangua watu kwa viwiko vyote viwili. Alipofika mlangoni alimkuta Hafidha keshateleza kati ya watu, kashuka kitambo, medali inacheza juu ya baibui, hata kuhema hahemi.