Maprofesa Watatu na Kalenda za Bi Mvuke

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao nje ya duka la mikate la Ilona, kwenye kona ya mtaa wa Wafini, watu wenye asili ya Finland, hapa Thunder Bay, pale basi linapokata kushuka ziwani. Tunakaa wanne. Mimi ni Orest, ila wananiita Breki, maana niliendesha basi la mji miaka ishirini na tisa na hakuna abiria aliyesahau nilivyokuwa nikisimama. Kulia kwangu hukaa Silvano Bortolin, fundi mwashi, jina lake la hapa Zege. Kushoto ni Verna, Mwojibwe, mtu wa kabila la wenyeji wa asili wa huku, muuguzi mstaafu aliyechanja nusu ya watoto wa mji huu. Huyo ni Sindano. Mwisho wa benchi, karibu na mlango, ndipo pa Aune Lehtonen, Bi Mvuke, mwenye lile jengo la matofali ng'ambo ya barabara. Ni sauna ya umma, nyumba ya kuoga kwa mvuke wa mawe ya moto. Aliiwasha miaka thelathini na moja, kwanza na mumewe Eino, kisha Eino alipofariki akaiwasha peke yake, hadi vuli ya mwaka jana magoti yalipomkatalia kubeba kuni akafunga mlango. Kahawa tunakunywa nyeusi, na kila mtu na andazi lake la sukari ya pinki, andazi ambalo ukilila kwa adabu hujalila.

Kisa chenyewe kilianza Septemba. Profesa Wishart, mwalimu wa historia pale chuo kikuu, mtu mpole anayekohoa kabla ya kila sentensi, alikuja kununua mkate akamkuta Bi Mvuke anabishana na Zege. Bi Mvuke alikuwa anasema ile theluji kubwa ya tisini na sita watu walikuja sauna kwa skii, zile mbao za kutelezea miguuni. Zege anasema uongo mtupu.

— Nina ushahidi, Bi Mvuke akasema.

— Ushahidi gani? Wewe si polisi.

— Nimeandika kwenye kalenda.

Profesa akakohoa. Akaomba aoneshwe hiyo kalenda. Bi Mvuke akamvusha barabara, akafungua, na nyuma ya mlango, kwenye msumari mmoja, zikaning'inia kalenda thelathini na moja za duka la matrekta. Kila kisanduku cha kila siku kimejaa mwandiko mdogo kama sisimizi: joto lilifika ngapi, kuni za mti gani, walikuja kina nani, walisema nini. Profesa alirudi kwenye benchi akasahau mkate wake.

Wiki iliyofuata alikuja na Daktari Desrosiers, mama mwembamba anayefanya utafiti wa moyo wa binadamu. Wiki ya tatu akaongezeka Profesa Dhaliwal, wa kitivo cha biashara, kilemba cha bluu kimenyooka, viatu vinang'aa. Kumbe chuo kilikuwa kinatafuta utafiti mmoja utakaounganisha vitivo vitatu, na hawa watatu walikuwa wameona mlango. Swali lao lilikuwa moja: mji huu ulikuwa na sauna za umma zaidi ya kumi, zote zikafa, kwa nini hii ya Bi Mvuke ilidumu?

Sisi tukawapa majina. Wa Historia, Wa Moyo, Wa Biashara.

Shida ilikuja kwenye kalenda. Wa Historia alitaka zikae kwenye chumba cha baridi cha maktaba, zishikwe kwa glavu. Wa Moyo alizitaka maabara, ziingizwe kwenye kompyuta. Wa Biashara alitaka kwenda nazo nyumbani kwake. Mwishowe wakaafikiana wagawane: kumi, kumi, kumi na moja. Kesho yake Bi Mvuke alikuja kijiweni macho mekundu.

— Wanataka kunigawana kama kuku, alisema.

— Umekubali? nikamuuliza.

— Sijui. Wale watu wanaongea wote watatu kwa pamoja, unajikuta umeshasema ndiyo.

— Mama, usithubutu, Zege akasema. Mimi mwenyewe nimo mle ndani. Siku niliyoteleza nikakalia ndoo.

— Umo mara mbili, Bi Mvuke akamwambia. Ulikalia ndoo mara mbili.

Sindano hakucheka. Aliweka kikombe chini.

— Sikiliza, dada. Kalenda hazivuki barabara. Anayetaka kusoma aje hapa, akae, asome. Wote watatu, siku moja, meza moja.

— Wakikataa?

— Watakataaje? Hawawezi kusoma mwandiko wako. Kifini chako kimechanganyika na Kiingereza cha bandarini, nusu ya maneno umeyakata mkia. Bila wewe hao wana picha za matrekta tu.

Bi Mvuke alimtazama kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Siku hiyohiyo alipiga simu chuoni, na mimi nilimsikia: hakutumia maneno zaidi ya kumi.

Basi Jumatano moja ya Oktoba, jua zuri ila upepo wa ziwa unakata masikio, Ilona akatoa viti vitatu na meza ya kukunja, na wasomi wakaja wakaketi. Bi Mvuke akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikienda kisanduku kwa kisanduku. Saa nzima ilikwenda vizuri. Tulisikia habari za watu waliokwishazikwa wakilalamika kwamba maji ni ya moto. Halafu Wa Moyo akainamia karatasi.

— Samahani, bibi. Hii alama ni ya nini? Kiduara chenye nukta katikati.

Kweli kilikuwepo. Mara moja kwa mwezi, mara mbili, miezi mingine hakuna. Wa Biashara akahesabu upesi upesi, akasimama.

— Jamani! Siku za kiduara watu ni karibu mara mbili ya siku nyingine! Jibu letu limo humu humu!

Hapo ndipo mkutano ulipovunjika ukawa kijiwe.

— Ni baridi, Wa Moyo akasema. Baridi ikizidi, mishipa inabana, mwili wenyewe unatafuta joto.

— Hiki hapa ni cha Julai, Wa Historia akamwonesha, akakohoa. Hizi ni sikukuu. Wafini wana sikukuu zao nyingi.

— Februari tisa ni sikukuu gani? Bi Mvuke akauliza.

Wa Historia akaanza kuhesabu kwa vidole.

— Ni siku za bei nafuu, akasema Wa Biashara. Mteja ukimpunguzia leo, kesho anakuja na shemeji yake.

— Nipunguze bei? Mimi? Bi Mvuke alicheka mpaka akashika meza.

Zege alikuwa anasubiri nafasi, nikamwona anavyopangusa sukari mdomoni.

— Nyie mnahangaika na watu. Angalieni mawe! Zile ni siku Eino alipobadilisha mawe ya jiko. Jiwe jipya linashika moto vingine kabisa.

— Kila mwezi abadilishe mawe? Sindano akamuuliza.

— Sasa unadhani mawe yale yalitoka wapi? Ziwani! Na chini ya ziwa kuna nini? Kuna volkano ya zamani. Na mdomo wa volkano uko wapi? Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Pale! Eino alikuwa anajua. Ndiyo maana alikuwa haongei.

— Eino alikuwa haongei kwa sababu wewe ulikuwa huachi nafasi, Sindano akasema. Maprofesa, msimsikilize huyu. Mimi nimewachanja hawa watu, nawajua. Mtaa huu ulikuwa na Wafini wa kanisa na Wafini wekundu, wa chama cha kikomunisti. Hawakusalimiana barabarani. Kiduara ni siku walipokutana mle ndani wote.

— Ahaa! Wa Historia akachomoa kalamu.

— Mtu akiwa uchi ataweka wapi kinyongo? Hana mfuko! Wakitoka wamepatana. Mji mzima ukija kuona maajabu hayo, si watu wanakuwa wengi? Mnajua shule ya mjukuu wangu ilijengwaje? Ilipitishwa mle. Na daraja. Na uchaguzi wa meya mara tatu.

— Wa meya! Zege akapiga paja. Volkano unaikataa, halafu meya uchi unamkubali!

Mimi nikaweka andazi langu mezani.

— Wote mmekosea. Kiduara ni tairi.

Wakanigeukia.

— Ni tairi la basi. Zile ni siku zangu za zamu ya mchana. Nikifika kona hii nakanyaga breki, abiria wote mbele, mayai yamevunjika, mama wa watu ameloa kahawa. Wataenda wapi katika hali ile? Wanashuka, wanavuka, wanaoga. Miaka ishirini na tisa mimi ndiye niliyeilisha sauna ile, na sijapewa hata taulo.

Nilisema kwa utani. Lakini Wa Biashara alikuwa anaandika.

— Mzee, ratiba zako za zamu unazo bado?

— Zipo kwenye sanduku, nikamjibu, na nikaanza kujiamini mwenyewe.

Ikawa kelele tupu. Wa Moyo anasema ratiba za basi hazina uhusiano na moyo, Wa Biashara anasema zina uhusiano na kila kitu, Zege anachora volkano kwenye mfuko wa mkate, Wa Historia anamuuliza Sindano majina ya mameya. Mpaka Wa Moyo akapaza sauti:

— Mbona tunabishana na mwenyewe yupo? Bibi, tuambie. Ulipochora kiduara, ulikuwa unamaanisha nini?

Bi Mvuke aliitazama karatasi. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

— Sikumbuki, akasema.

Zege akaweka chini mfuko wake wa mkate.

— Nilijua mtauliza. Tangu asubuhi najiuliza. Mkono ni wangu, kalamu naijua, ile ya kijani. Siku hizo Eino alikuwa hai. Lakini nini kilinifanya nichore... Akaupapasa ukurasa kwa kidole gumba. Nimekwenda mle ndani kila siku ya maisha yangu, na kitu hiki kimenitoka.

Sindano ndiye aliyesogea, akamshika kifundo cha mkono kama anapima mapigo, lakini hakuwa anapima.

— Dada, mimi nimechoma sindano maelfu. Niulize siku fulani nilimchoma nani. Simjui hata mmoja. Lakini watoto wenyewe ni wazima, wanapita hapa na ndevu zao. Inatosha.

Bi Mvuke akapumua. Wa Historia, bila kukohoa, akafunika kalenda taratibu.

Ndipo basi likasimama. Likasimama vibaya, kama aliyelifundisha ni mimi. Akashuka mwanamke wa makamo, mrefu, mabega mapana, buti za kazi, taulo limening'inia shingoni. Dereva wa lori la magogo, alivyotueleza baadaye. Lori alikuwa ameliacha bandarini linapakuliwa. Akatazama jengo, akatutazama sisi na makaratasi yetu.

— Habari zenu, wenyeji. Nimeambiwa hapa kuna sauna nzuri. Inafunguliwa saa ngapi?



Wa Historia alijua ilifunguliwa saa ngapi mwaka elfu moja mia tisa tisini na nne. Wa Biashara alijua Ijumaa walikuja wangapi na Jumanne wangapi. Wa Moyo alijua damu inakwenda kasi gani joto likifika nyuzi themanini. Zege alijua habari za chini ya ardhi. Ukimtoa Bi Mvuke, wote sita tuliangalia vikombe vyetu.

— Au imekufa? yule mwanamke akauliza, kwa upole, kama anayeuliza habari za mgonjwa.

Nikamwona Bi Mvuke anainuka. Magoti yakalia, akainuka hivyo hivyo.

— Haijafa. Jiko zima, bomba zima, mawe yapo. Magoti yangu ndiyo mabovu. Kisha akawageukia maprofesa, akawatazama mikono yao mmoja mmoja, bila haraka. Nyie mnaweza kubeba kuni?

Wa Biashara alitazama viatu vyake. Wa Moyo ndiye aliyejibu kwanza.

— Mimi naweza.

— Jumamosi, saa nane mchana, Bi Mvuke akamwambia dereva. Utakuwepo?

— Nitakuwa Winnipeg, mama. Lakini nitarudi.

— Basi utaikuta ya moto.

Jumamosi tulibeba kuni sote. Wa Historia alipewa shoka, akalizungusha kwa heshima kubwa mpaka Zege akamnyang'anya kabla hajakata benchi. Wa Biashara alikuja na viatu vya mvua vya mkewe, akachomwa na kibanzi kwenye kidole, Sindano akakitoa huku anamkemea kama mtoto wa darasa la kwanza. Lakini kabla ya saa kumi alikuwa amepanga foleni ya kupitishiana kuni mkono kwa mkono kutoka banda la nyuma hadi penye jiko la sauna, na kazi ikaenda mbio. Kuni za mti wa magome meupe, Bi Mvuke hakutaka nyingine. Kiberiti alikiwasha mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kujitolea.

Watu waliona moshi. Hatukumwalika mtu, ila moshi ule uliwatoa majumbani, wazee kwa vijana, mataulo kwapani, wengine wamekimbia hata kofia hawana. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, na juu ya ukuta wa katikati sauti ya Bi Mvuke ikiwaamrisha wote. Alikuwa anapiga kelele kweli kweli, na ilikuwa mwaka mzima sijamsikia hivyo.

Nilitoka nje kupoa, nikakaa kwenye benchi na mvuke unanipanda mabegani. Punde mlango wa wanawake ukafunguliwa, akatoka Wa Moyo, amejifunga joho zito la taulo, uso mwekundu kama nyanya, nywele zimelala. Akavuka barabara pekupeku. Akakaa pembeni yangu, akafumba macho.

— Haya, daktari, nikamwambia. Miezi miwili ya utafiti. Umegundua nini?

Alifikiri muda mrefu, kwa dhati, maana ni mtu makini.

— Nina kiu, akasema.

Nikamletea kata ya maji kutoka kwa Ilona. Akainywa yote bila kupumzika, akanirudishia, akainuka, akavuka barabara kurudi ndani.